Kaya: Neno la Nyumbani na Safari Zake



Mwezi Agosti mwaka 2022, siku chache baada ya usiku wa Sensa ya Watu na Makazi, tuliketi kivulini pamoja na mama mmoja mjane katika kijiji kimoja upande wa Korogwe. Alitusimulia jinsi karani wa sensa alivyofika kwake, akafungua kishikwambi chake na kuuliza swali la kwanza: "Mkuu wa kaya ni nani?" Mama alinyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba, penye kaburi la mumewe, akajibu: "Ni yule pale." Karani, kijana mwenye adabu, alimweleza taratibu kwamba waliolala hawahesabiwi, na kwamba mkuu wa kaya sasa ni yeye mwenyewe. "Haya mwanangu, andika," akamwambia.

Mama alicheka alipokuwa akitusimulia, kisha akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Ndugu wa marehemu walikuwa wameanza kusema kwamba kaya ile si yake, kwa kuwa yeye aliletwa pale kwa kuolewa tu, na kwamba shamba na nyumba ni vya ukoo. Karani amemwandika kuwa mkuu wa kaya. Mashemeji wanamwambia hana kaya. Je, nani alisema kweli? Swali hilo lilitukaa moyoni, nasi tukaona vema kulitafakari neno lenyewe: limetoka wapi, limepita katika mikono ya nani, na limebeba nini hata kufika kwetu.

Neno na maana yake

Katika Kiswahili cha ofisini siku hizi, kaya ni kipimo. Ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, au kama wasemavyo wazee, wanaokula chungu kimoja. Wanaweza kuwa mtu mmoja au watu ishirini. Tunalisikia neno hili katika sensa, katika mikutano ya kijiji, katika zahanati, na katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF. Kwa maana hii kaya huhesabika, huorodheshwa, hupewa namba, na huwa na mkuu wake.

Lakini neno hili halikuzaliwa ofisini. Ni neno la kale la Kibantu, na ndugu zake wametapakaa mbali. Kwa Wazigua, Wasambaa na Wabondei, kaya ni nyumbani, ni kijiji, ni pale mtu anapotoka na anaporudi. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, kaya ni mji wa mtu na watu wake. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni vijiji vya kale vilivyozungukwa na msitu, ambavyo watu walihama zamani lakini wakaendelea kuviheshimu kama mahali pa sala na pa makaburi ya wahenga. Misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008.

Tukiyaweka haya yote pamoja tunaona jambo moja. Nyumba ni ukuta na paa. Hata ikiwa tupu bado ni nyumba. Kaya haiwi kaya bila watu, na watu hao si wale tu walio hai. Ndiyo maana Mmijikenda anaweza kusema juu ya msitu usio na hata kibanda kimoja kwamba hii ni kaya yetu. Na ndiyo maana mama yetu wa Korogwe, asiyesoma historia popote, alinyoosha kidole kaburini bila kusita.

Kaya zilizoitwa kwa majina ya watu

Mgeni anayesafiri katika Handeni, Kilindi na Korogwe hushangazwa na majina ya vijiji vyetu: Kwamsisi, Kwamatuku, Kwamkono, Kwachaga, Kwamndolwa, Kwagunda, Kwashemshi. Mwanzo ule wa "kwa" ni kama mlango ulioachwa wazi. Mengi ya majina hayo yanatuambia kwamba kabla ya kuwa kijiji, kata au kituo cha basi, mahali hapo palikuwa kwa mtu fulani. Mtu huyo alifyeka pori, akajenga, akapokea ndugu, wakwe na wageni, hata jina lake likawa jina la ardhi.

Katika karne ya 19, kaya ya namna hiyo ilikuwa ngao. Nchi ya Uzigua ilikuwa njia ya misafara ya biashara kutoka bandari za Saadani na Pangani kwenda bara, na pamoja na pembe za ndovu misafara hiyo ilisafirisha watu waliotekwa. Vijiji vilizungushiwa uzio wa miti mikubwa, na kando ya Mto Pangani baadhi ya watu walijenga visiwani, katikati ya maji, ili maadui wasiwafikie kwa urahisi. Mtu asiye na kaya alikuwa mtu asiye na wa kumsemea. Aliyetembea peke yake aliweza kukamatwa leo na kuuzwa kesho.

Lakini tusiipambe historia. Kaya hiyo hiyo iliyokuwa ngao iliweza pia kugeuka kuwa mzani. Ilipoingia njaa, mwenye chakula alipokea watu, na mara nyingine walipokelewa kama rehani: mtoto au mdogo wa ukoo aliwekwa kwa tajiri ili ndugu zake wapate nafaka. Wengine walikombolewa mavuno yalipopatikana. Wengine walisahauliwa huko. Hivyo tangu zamani kaya iliweza kumwokoa mtu, na iliweza pia kumtoa. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Njaa na safari ya Juba

Katika miaka ya 1830 na iliyofuata, ukame na njaa kali viliipiga Uzigua. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wazao wa waathirika yanasema kwamba watu wengi waliteremka pwani kutafuta chakula. Huko walikutana na wafanyabiashara waliowapakia majahazini. Baadhi walijiweka wenyewe katika mikono ya wafanyabiashara kwa sababu ya njaa, wakiahidiwa kazi na chakula, baadhi waliuzwa. Majahazi yaliwapeleka kaskazini, katika bandari za Somalia kama Barawa, na wakajikuta watumwa katika mashamba ya bonde la Mto Shebelle.

Hawakukubali. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja mwonaji, Wanankhucha, aliyewaongoza kutoroka wakielekea kusini, kwa nia ya kurudi walikotoka. Hawakufika. Walipofika katika bonde la Mto Juba walisimama, wakafyeka msitu mnene uliokuwa kando ya mto, wakalima mahindi, wakajenga vijiji. Eneo hilo likaitwa Gosha, yaani msituni. Walikutana huko na watu wengine waliokimbia utumwa: Wayao, Wamakua, Wangindo na Wanyasa. Katika vijiji hivyo vya mwanzo watu walikaa kwa kufuata asili zao, nao Wazigua waliendelea kusema lugha yao.

Vizazi vikapita, wakaja Waitaliano, zikaja serikali, lakini lugha haikufa. Watu hao waliitwa na majirani zao Mushunguli. Zaidi ya miaka 150 baada ya jahazi la kwanza, Mzigua wa Juba na Mzigua wa Handeni waliweza kuketi pamoja na kuelewana. Wengi walikuwa bado wanakumbuka majina ya koo zao. Hawakuwa na ramani wala hati. Walikuwa na maneno ya nyumbani tu. Kaya waliyoikosa kwa miguu waliibeba kwa ulimi.

Kaya inahesabiwa

Waliobaki Uzigua walikutana na mambo mengine. Wajerumani walipoingia, Bwana Heri wa Saadani, mtawala aliyekuwa na nguvu miongoni mwa Wazigua, aliwapinga kwa silaha hadi mwaka 1890. Baada ya vita ikaja kalamu. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ilitangaza kodi ya nyumba, na mwaka uliofuata ikaanza kukusanywa. Kwa nyumba ya kijijini kiwango kilikuwa rupia 3. Kwa mara ya kwanza serikali ilitembea kijiji hadi kijiji ikitazama mapaa na kuyahesabu. Haikuuliza nani anakula na nani, wala nani amempokea yatima wa nani. Iliuliza: nyumba ngapi?

Kodi haikuwekwa kwa ajili ya fedha peke yake. Mtu asiye na rupia alipaswa kuzitafuta, na palipokuwa na rupia ni mashambani mwa walowezi na kwenye ujenzi wa reli. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902. Mwaka ule ule wa 1893, mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ilikufa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga, na kuifanya Korogwe kuwa nchi ya mkonge: Ngombezi, Magunga, Hale, Magoma, Mazinde.

Kambi si kaya

Mkonge ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Katika kipindi cha Waingereza vibarua waliletwa kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, na wengine kutoka Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kama SILABU. Mtu alipoandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo watu wakawaita manamba. Kazi yake iliandikwa katika kipande chenye siku 30, na siku asiyomaliza ngwe yake haikuhesabiwa.

Walikaa wapi? Walikaa kambini. Wapendwa, tuyasikilize maneno haya mawili, kambi na kaya. Yanakaribiana kwa sauti, lakini kwa maana yako mbali. Kambi hupangwa na mwenye kazi. Kaya hupangwa na wenye kuishi ndani yake. Kambini mtu hupimwa kwa kile anachoweza kukata kwa siku. Katika kaya hata asiyeweza kukata kitu ana nafasi yake karibu na moto. Manamba alikuja akikusudia kukaa kwa muda, kisha arudi kwao na fedha za mahari au baiskeli. Wengi walirudi. Wengine mkataba uliisha, wakaandikisha mwingine, wakaoa hapa, wakazaa hapa, wakazeeka hapa.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na hakuna nchi iliyoishinda duniani. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Mashamba yakarudi msituni, lakini wazee walibaki. Katika huduma yetu tumewazika kadhaa wao. Mara kwa mara, kabla ya mazishi, huzuka swali linalosemwa kwa sauti ya chini: kwao ni wapi? Hakuna anayewajua ndugu zake wa Kigoma au wa Msumbiji. Basi huzikwa katika makaburi ya kambi, na wanaoshika jembe ni majirani wa makabila saba au nane, wanaolia kama watoto wa mzazi mmoja. Wakati kama huo tumejiambia kwamba kambi hii, kwa machozi haya, imekwisha kuwa kaya, hata kama hakuna aliyetangaza.

Nyumba kumi, na vijiji vipya

Uhuru nao ulikuja na hesabu yake. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi, utaratibu ambao wengi wetu tumekulia ndani yake. Ulikuwa na mema yake: balozi alijua nani mgonjwa, nani hajala, nani amepokea mgeni. Kisha ikaja azma kubwa zaidi. Mwezi Novemba mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa nchini kote.

Nia haikuwa mbaya. Shule, zahanati na maji haviwezi kufikishwa kwa watu waliotawanyika kila mmoja kwenye kilima chake. Watoto wengi wa mkoa wetu walisoma kwa sababu ya vijiji hivyo, nasi hatutaki kuwa watu wasio na shukrani. Lakini wazee husimulia pia upande wa pili: nyumba zilizoachwa na paa zake, minazi na miembe iliyobaki bila mwenyewe, makaburi yaliyomezwa na vichaka, na shamba lililokuwa umbali wa hatua kumi likawa umbali wa saa mbili. Nyumba mpya zilipangwa kwa mstari ulionyooka. Ilichukua miaka mingi mistari hiyo kugeuka kuwa kaya, na iligeuka kwa njia zile zile za zamani: kuazimana moto, kuozana watoto, kuzikana.

Waliorudi

Mwaka 1991 dola ya Somalia ilianguka na vita vikalifikia bonde la Juba. Wakulima wa Gosha, ambao hawakuwa na koo kubwa zenye silaha za kuwatetea, waliporwa, wakauawa, wakakimbia. Wengi waliingia Kenya na kupokelewa katika kambi za Dadaab. Wengine walipanda vyombo vya bahari wakaelekea kusini, njia ile ile waliyopitishwa babu zao, lakini safari hii wakirudi. Walifika Tanga, wakawekwa katika makazi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye wakahamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo ya Handeni.

Hebu tufikirie. Watu waliotoka Uzigua kwa sababu ya njaa katika miaka ya 1830 walirudi Uzigua kwa sababu ya vita katika miaka ya 1990, wakisema lugha ambayo muuza ndizi wa sokoni aliielewa. Kwa sheria walikuwa wageni, wakimbizi kutoka Somalia. Kwa ulimi walikuwa watoto waliochelewa kurudi. Tanzania ilikwisha kulemewa na wakimbizi wa Rwanda na Burundi wakati huo, na haikuweza kuwapokea wote walioomba. Kutoka katika kambi za Kenya, watu wapatao 12,000 wa jamii hiyo walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, wengine wakafika hata Lewiston katika jimbo la Maine, penye theluji nyingi. Lakini wale wa Chogo walipewa ardhi ya kulima, na baada ya hapo serikali yetu ikaanza kuwapa uraia. Zaidi ya elfu moja wamekwisha kuupata.

Tunasema bila kusitasita kwamba hili ni mojawapo ya mambo mema ambayo nchi yetu imewahi kutenda, nalo limetendeka mlangoni petu bila kelele. Wengi wa ndugu hao ni Waislamu. Haikuwa kitu. Aliyerudi kaya haulizwi kwanza anasali wapi. Huulizwa kama amekula.

Msomera

Handeni imepokea tena. Mwezi Juni mwaka 2022 familia za kwanza za Wamasai kutoka Ngorongoro zilifika katika kijiji cha Msomera, ambako serikali ilikuwa imewajengea nyumba za vyumba vitatu pamoja na kuwatengea mashamba. Serikali ilieleza kwamba wanahama kwa hiari, ili kulinda hifadhi na kuwapatia huduma bora. Wengine, ndani na nje ya nchi, walipinga, wakisema kwamba watu hawakushirikishwa vya kutosha. Nao baadhi ya wenyeji waliokuwa wakilima na kuchunga Msomera kabla ya hapo walikuwa na malalamiko yao juu ya ardhi.

Hatuandiki haya ili kuhukumu kesi iliyo mbele ya wakubwa. Tunataka kulitazama neno letu tu. Nyumba zile ni imara, zina bati na sakafu, na wapo wanaozifurahia. Lakini kaya ya Kimasai haikai katika nyumba moja. Ni boma: kila mke na nyumba yake, wazee na vijana na mahali pao, na mifugo katikati. Mzee mwenye wake watatu akipewa nyumba moja yenye vyumba vitatu, aliyehesabu atasema amepewa makazi, naye atauliza kaya yake iwekwe wapi. Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kwa maana yake ya neno. Kodi ya rupia 3 ilifanya kosa hilo hilo la kuhesabu mapaa. Historia haijirudii kwa ukatili wakati wote. Mara nyingine hujirudia kwa ramani nzuri ya mjenzi.

Na wajibu wetu sisi tuliokuwapo hapa kwanza ni upi? Wapo wageni wetu ambao bado wanaitwa "wale wa Msomera" au "wale wa Chogo", kama vile wazee wa mkonge walivyoitwa "wale wa kambini". Mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kuitwa "wa kuja" mpaka anaota mvi.

Kanisa na kaya

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Mwaka 1994 Sinodi ya Afrika ilichagua kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Maneno hayo tunayasikia kila Dominika mpaka tumeyazoea. Lakini tukiyasoma kwa lugha ya nyumbani yanatuambia kwamba Kanisa si jengo la parokia, kama kaya isivyo nyumba. Jumuiya hukutana chini ya mwembe wa mtu, juu ya mkeka wa mtu, na kikombe cha maji hutoka katika mtungi wa mtu. Maisha yetu ya Kikristo katika vijiji hivi yamejengwa juu ya kaya tangu mwanzo. Basi, kama kaya inaweza kuokoa mtu na inaweza pia kumtoa, hata jumuiya inaweza yote mawili.

Nasi tuna deni la kuungama. Baada ya mazungumzo yetu na yule mama tulirudi ofisini tukafungua daftari la familia za parokia. Tuliona kwamba karani wa serikali alikuwa ametutangulia. Katika daftari letu familia ile ilikuwa bado imeandikwa kwa jina la marehemu, na mama ametajwa kama "mjane wa" bila hata jina lake la ubatizo. Hakuwa peke yake. Kurasa zilikuwa na wengi wa namna hiyo. Mashemeji walikuwa wakisema kwa mdomo kile ambacho sisi tulikuwa tumekwisha kukiandika kwa wino. Tulilisahihisha daftari. Ni jambo dogo, lakini tulione kama mwanzo.

Kuhusu shamba, tuliwaomba wazee wa jumuiya wakae na pande zote mbili, na kiongozi mmoja wa kijiji akaja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo inatambua haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na haikubali mila inayomnyima. Maneno yalikuwa mengi siku ile. Mwishowe mzee mmoja, kaka mkubwa wa marehemu, aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Kama huyu akiondoka, kaburi la mdogo wangu litafagiliwa na nani?" Kimya kikaingia. Hakuna sheria iliyokuwa imefika mahali hapo. Mama bado yupo pale, na kaburi linafagiliwa. Wajukuu wawili wa shemeji aliyempinga zaidi wamehamia kwake kwa sababu ya ukaribu wa shule, nao wanakula chungu kimoja.

Tunawaalika basi, juma hili, kila jumuiya itakapokutana, iulize swali moja kabla ya kufunga sala: katika eneo letu, nani anaishi ndani ya nyumba lakini hana kaya? Huenda ni mjane, mzee wa mkonge, mgeni aliyefika mwaka jana, au mfanyakazi wa ndani anayekula peke yake jikoni baada ya wengine kushiba. Mkishamtaja kwa jina, amkeni mwende mkabishe hodi.

Tunawatakieni nyote Dominika njema, nanyi mliosafiri, Mungu awarudishe salama kaya.